Hesabu Kaboni, Jina Litakuja

Mazungumzo ya leo ni ya kemia. Kabla hujazima redio ukidhani hayo ni mambo ya maabara na makoti meupe, tuanzie kwenye maji ya Ziwa Nakivale, hapa Uganda.

Mvuvi akichoma pondo lake kwenye matope yenye mafunjo yaliyooza, viputo hupanda mpaka juu ya maji na kupasuka. Gesi iliyomo kwa sehemu kubwa ni methani. Hutengenezwa na vijidudu vinavyokula mabaki ya mimea kule chini, mahali ambapo oksijeni haifiki. Ardhi oevu ya Mburo na Nakivale, ambayo mwaka 2006 iliingizwa katika orodha ya kimataifa ya Ramsar, hutoa gesi hiyo usiku na mchana, kama vinamasi vingine vyote duniani. Mwaka 1776 Mwitaliano Alessandro Volta alikoroga matope kando ya Ziwa Maggiore, akakinga viputo kwenye chupa, akaviwasha, vikawaka. Tangu siku hizo dunia inajua kwamba matope yanaweza kutoa moto.

Ng'ombe wa Ankole naye, mwenye pembe ndefu, anaifanya kazi hiyo hiyo tumboni. Ng'ombe mzima anapocheua hutoa kwa mdomo mamia ya lita za methani kila siku. Na wakazi wa Juru, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, waliotoka upande wa Goma au Bukavu wameishi kando ya ghala kubwa zaidi la gesi hii katika ukanda wetu: Ziwa Kivu, ambalo katika kina chake limeyeyusha kiasi cha mita za ujazo bilioni 60 za methani. Tangu miaka ya 1960 kiwanda cha bia cha Gisenyi kiliitumia gesi ya ziwa hilo kuchemshia, na mwaka 2016 mtambo wa KivuWatt ulizinduliwa upande wa Rwanda kuzalisha umeme wa megawati 26 hivi.

Methani ndiyo ndogo kuliko zote katika jamii kubwa ya kampaundi zinazoitwa alkani. Ndugu zake wamo kwenye mtungi wa gesi unaouzwa Mbarara, kwenye tangi la bodaboda, kwenye koroboi ya mafuta ya taa, kwenye mshumaa na kwenye kikopo cha Vaseline anachopakwa mtoto baada ya kuoga. Watu huvitumia vitu hivyo kila siku bila woga wowote. Woga huanza darasani, pale majina yake yanapoandikwa ubaoni na mwanafunzi kuambiwa ataje 2,2,4-trimethilipentani ni kitu gani. Wanaoogopa zaidi ni wale waliovuka mpaka na kubadilisha lugha ya masomo, waliosoma kwa Kifaransa jana na leo wanasoma kwa Kiingereza. Lakini majina hayo ndiyo sehemu ya kemia inayomwonea mgeni kidogo kuliko zote. Jina la alkani ni maelekezo ya mchoro, na maelekezo hayo ni yale yale Uvira, Bujumbura, Kigali na Mbarara.

Tuchukue karatasi na kalamu, kwa maana redio haina ubao.

Atomi ya kaboni ina mikono minne, na kila mkono lazima ushike kitu. Hidrojeni ina mkono mmoja tu. Jambo hilo lilipambanuliwa mwaka 1858 na Mjerumani August Kekulé, na kwa njia yake mwenyewe Mskoti Archibald Couper. Kaboni moja ikishika hidrojeni nne, hiyo ni methani, CH4. Kaboni mbili zikishikana kwa mkono mmoja mmoja, kila moja hubaki na mikono mitatu ya kushika hidrojeni: jumla hidrojeni sita, nayo ni ethani, C2H6. Tatu ni propani, C3H8. Nne ni butani, C4H10.

Mwanafunzi hana haja ya kukariri idadi ya hidrojeni. Kila kaboni iliyo katikati ya mnyororo hushika hidrojeni mbili, na zile za pembeni huongeza moja kila upande. Kwa hiyo hidrojeni ni idadi ya kaboni mara mbili, ongeza mbili. Kaboni kumi zina hidrojeni 22. Kaboni ishirini zina 42. Kampaundi za namna hii huitwa hidrokaboni zilizoshiba, kwa sababu hakuna mkono uliobaki wazi na hakuna kaboni mbili zilizoshikana kwa mikono miwili miwili.

Tofauti kati ya kushiba na kutoshiba inaonekana vizuri sana katika wilaya ya Isingiro, maana huku ni nchi ya matoke. Ndizi inapoanza kuiva hutoa yenyewe gesi inayoitwa etheni, C2H4, na gesi hiyo huziamsha ndizi za jirani nazo ziive. Ndiyo maana mtu anayetaka ndizi ziive upesi huzifunika pamoja, gesi isitoroke. Etheni ina kaboni mbili zilizoshikana kwa mikono miwili. Ethani, C2H6, imezidi hidrojeni mbili tu, lakini ukiifungia na mkungu mzima haina nguvu hiyo. Herufi moja katika jina, a badala ya e, inatenganisha gesi inayoivisha ndizi na gesi isiyojihusisha nazo. Mpango huo wa irabu ulipendekezwa mwaka 1866 na mwanakemia August Wilhelm Hofmann: mwisho wa jina utangaze kama kampaundi imeshiba au la.

Sasa tupande ngazi. Majina manne ya kwanza, methani, ethani, propani na butani, ni ya kihistoria, na hayo hayana njia ya mkato: yanakaririwa. Kuanzia tano na kuendelea jina ni tarakimu za Kigiriki na Kilatini: pentani ina kaboni tano, heksani sita, heptani saba, oktani nane, nonani tisa, dekani kumi. Anayejua kuhesabu mpaka kumi kwa namna hiyo ameshamaliza nusu ya kazi.

Kadiri mnyororo unavyorefuka, ndivyo molekuli zinavyogusana kwa eneo kubwa zaidi na kuvutana zaidi, na ndivyo joto linalohitajika kuzitenganisha linavyoongezeka. Methani huchemka kwenye nyuzi 161 chini ya sifuri. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Butani iko nusu nyuzi tu chini ya sifuri. Pentani ni nyuzi 36 juu ya sifuri, na oktani ni 126. Ukiweka orodha hiyo kando ya hali ya hewa ya Mbarara, ambayo mchana wa kawaida ni nyuzi ishirini na kitu, utaona mpaka unapita wapi. Butani mezani itakuwa gesi, pentani itakuwa maji maji.

Hiyo ndiyo siri ya mtungi wa gesi ya kupikia. Ndani yake mna propani na butani, zilizoshindiliwa kwa mgandamizo mpaka zikawa kimiminika. Ukiutikisa mtungi uliojaa nusu unasikia kabisa yale maji yakicheza. Ukifungua koki, mgandamizo hupungua, kimiminika huchemka chenyewe bila moto, na gesi hupanda kwenye jiko. Tena hesabu ya kaboni hapa inaweza kuokoa maisha. Molekuli ya methani ina uzito wa 16, hewa kwa wastani ni 29, propani ni 44 na butani ni 58. Methani ikivuja hupanda juu. Gesi ya mtungi ikivuja hushuka, hutambaa sakafuni na kujikusanya kwenye kona na mashimo. Ndiyo maana anayesikia harufu ya gesi nyumbani hufungua mlango pia, si dirisha la juu peke yake, wala hawashi kiberiti kutafuta inakotoka.

Juu ya gesi kuna petroli, ambayo kaboni zake ni kati ya tano na kumi na mbili hivi. Kisha mafuta ya taa, kati ya kumi na kumi na sita. Muuzaji asiye mwaminifu anayechanganya petroli ndani ya mafuta ya taa anaingiza minyororo mifupi inayogeuka mvuke upesi. Mafuta ya taa yaliyo safi hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yafike nyuzi 38 au zaidi. Petroli hutoa mvuke wa namna hiyo hata kwenye baridi kali ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Koroboi iliyotiwa mchanganyiko huo inaweza kulipuka mbele ya mtoto anayefanya kazi zake za shule.

Mnyororo ukipita kaboni kumi na saba, kitu huanza kuganda. Alkani nyoofu ya kaboni 18 huyeyuka kwenye nyuzi 28, na ya kaboni 20 kwenye nyuzi 37. Huo ndio mwanzo wa nta ya mishumaa. Uganda imekutana na nta hiyo kwa gharama kubwa. Mafuta ghafi yaliyothibitishwa mwaka 2006 katika bonde la Ziwa Albert yana alkani ndefu nyingi, na yakiachwa yapoe hushikamana yasitembee. Kwa sababu hiyo bomba la EACOP, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Kabaale, Hoima, mpaka Chongoleani karibu na Tanga, limebuniwa likiwa na vifaa vya kupasha joto njia nzima, mafuta yabaki kwenye nyuzi 50 au zaidi. Somo la kidato cha nne kuhusu urefu wa mnyororo ndilo lililoamua umbo la mradi wa mabilioni ya dola.

Mpaka hapa kila kaboni imefuata nyingine kwa mstari. Tabu inaanza pale mnyororo unapotoa tawi.

Chora kaboni nne kwa njia zote zinazowezekana. Njia ya kwanza ni mstari wa nne. Njia ya pili ni mstari wa tatu, na ile ya nne inaning'inia kwenye kaboni ya katikati. Zote mbili zina C4H10, uzito ni mmoja, lakini ni vitu viwili: ya kwanza huchemka kwenye nusu nyuzi chini ya sifuri, ya pili kwenye nyuzi 12 hivi chini ya sifuri. Wanakemia huziita isoma. Pentani ina isoma tatu, heksani tano, heptani tisa, oktani kumi na nane, dekani sabini na tano. Kwa kaboni ishirini idadi hufika 366,319. Hakuna kichwa cha binadamu kitakachokariri majina laki tatu na zaidi, na hapo ndipo kanuni zilipohitajika.

Kabla ya kanuni kulikuwa na vurugu. Methani peke yake iliitwa gesi ya vinamasi na wengine, na gesi ya migodini na wengine. Katika kitabu chake cha mwaka 1861, Kekulé aliorodhesha fomula 19 tofauti ambazo wanakemia walizitumia kwa asidi ya siki peke yake. Mwezi Aprili 1892 wanakemia 34 kutoka mataifa tisa ya Ulaya walikutana Geneva chini ya uenyekiti wa Mfaransa Charles Friedel, wakaweka msingi: jina la shina litokane na mnyororo mrefu zaidi. Mwaka 1919 ukaundwa muungano wa kimataifa wa kemia, IUPAC, ambao mpaka leo ndio mlinzi wa kanuni hizo.

Kanuni zenyewe zinatosha katika pumzi moja. Tafuta mnyororo mrefu kuliko yote unaoweza kuufuata bila kuinua kalamu. Huo ndio shina na ndio mwisho wa jina. Zipe kaboni zake namba kuanzia upande ulio karibu na tawi. Tawi la kaboni moja huitwa methili, la kaboni mbili ethili, la tatu propili. Taja namba ya mahali tawi lilipoota, kisha jina la tawi, kisha shina. Matawi yanayofanana yahesabiwe kwa di, tri au tetra. Yakiwa tofauti, yapangwe kwa alfabeti, bila kuhesabu hizo di na tri.

Ile butani yenye tawi, basi, ina shina la kaboni tatu na methili kwenye kaboni ya pili: 2-methilipropani. Jina limekwisha.

Mtego unaowanasa wengi ni kuamini kwamba mnyororo mrefu ni ule uliochorwa mlalo. Mwanafunzi huchora kaboni nne kwa mstari, huning'iniza ethili kwenye ya pili, kisha huandika 2-ethilibutani. Afuate sasa kwa kidole kutoka ncha ya ethili, ashuke mpaka kwenye shina, aendelee kuelekea upande mrefu: atahesabu kaboni tano. Shina ni pentani, na kilichobaki pembeni ni methili kwenye kaboni ya tatu. Jina sahihi ni 3-methilipentani. Vivyo hivyo hakuna 1-methilipropani. Methili ikikaa kwenye ncha inarefusha mnyororo tu, na kitu hicho ni butani ya kawaida. Kupinda kwa mstari kwenye karatasi hakuna maana, kwa sababu hata katika molekuli halisi kaboni hazikai kwenye mstari mnyoofu. Mwaka 1874 Mholanzi Jacobus van 't Hoff na Mfaransa Joseph Le Bel walionyesha, kila mmoja peke yake, kwamba mikono minne ya kaboni imeelekea pande nne za anga. Pembe kati ya mkono na mkono ni nyuzi 109.5, na mnyororo wote huenda kwa kupinda-pinda.

Turudi kwenye lile jina la ubaoni, 2,2,4-trimethilipentani. Lisome kutoka mwisho. Pentani: chora kaboni tano. Trimethili: matawi matatu ya kaboni moja moja. Namba: mawili kwenye kaboni ya pili, moja kwenye ya nne. Jumla kaboni nane, hidrojeni 18. Kila dereva wa bodaboda ana habari zake, hata kama hajalisikia jina. Hiyo ndiyo kampaundi iliyopewa alama 100 katika kipimo cha oktani cha petroli, na heptani nyoofu ikapewa sifuri. Heptani hushika moto kabla ya wakati ndani ya silinda na injini hugonga. Molekuli ile yenye matawi huvumilia mgandamizo mpaka cheche ya plagi ifike. Petroli ya oktani 95 maana yake inavumilia kugonga sawa na mchanganyiko wenye sehemu 95 za hiyo trimethilipentani na sehemu tano za heptani.

Sasa suala la lugha, ambalo Nakivale halikwepeki. Makazi haya yalianza kupokea wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo darasa moja linaweza kuwa na Mkongomani, Mrundi, Mnyarwanda, Msomali na Mnyankole. Kijana aliyesoma Bio-Chimie kule Kongo akijiandaa kwa Examen d'État, akifika Uganda mara nyingi hurudishwa madarasa ya nyuma, kwa sababu Kiingereza chake bado. Katika historia au fasihi hasara hiyo ni ya kweli. Katika majina ya alkani, karibu kila kitu alichokibeba kinafaa. Méthane, éthane, propane, butane: ondoa alama za juu ya herufi, na majina ya Kifaransa na ya Kiingereza yanaandikwa sawasawa. Namba zinakaa pale pale, koma pale pale, alfabeti ni ile ile. Hata pale neno linapobadilika, kama naitrojeni ambayo kwa Kifaransa ni azote, alama ya N haibadiliki. Na anayetaka Kiswahili anacho pia: mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia.

Kwa hiyo walimu wa Juru na wa Mbarara wanaombwa jambo moja. Mwanafunzi mgeni akishindwa kujieleza kwa Kiingereza, apewe chaki achore. Mchoro sahihi wa 3-ethili-2-methilipentani ni ushahidi tosha kwamba kemia anaijua, na kilichobaki ni matamshi.

Nanyi mnaojiandaa kwa mitihani, msikariri majina. Choreni kwanza, kisha mhesabu. Kazi ya usiku wa leo ni C6H14. Isoma zake ni tano tu. Zichoreni zote na kila moja mwipe jina lake. Mkipata ya sita, jueni kuna moja mmeichora mara mbili, na kanuni za Geneva zitawaonyesha ni ipi, kwa sababu zote mbili zitatoka na jina moja.